Chama cha Kufa na Kuzikana Kije Kabla ya Kuzikana

Shangazi, namuuguza mama yangu, miaka 76. Hospitali walisema ni demensia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Usiku anafunga nguo zake kwenye kanga, anataka "kwenda kwao". Anamuulizia baba, aliyefariki 2015. Nikimwambia alishafariki, analia kama ndiyo kwanza anasikia. Ndugu zangu wanatuma pesa kutoka Dar, hawaji. Majirani wananong'ona, maana alikutwa alfajiri kasimama mlangoni kwa watu. Juzi nilijikuta namwomba Mungu amchukue. Nimekuwa mtu gani?
Niliyechoka, Muheza

Mwanangu,

Umekuwa mtu asiyelala. Dua ile ni ya uchovu, usiibebe kama dhambi. Mama unayemjua anaondoka kidogo kidogo, nawe uko msibani kila siku, ila hakuna aliyekuja kukutandikia mkeka.

Kuhusu baba, acha kumpa mama taarifa ya msiba. Mimi nilichelewa kulijua hili. Nilimuuguza mama yangu mkubwa, kila jioni akimngoja mumewe ambaye alishazikwa. Nilimsahihisha mwezi mzima, nikamliza mwezi mzima. Siku moja nikamuuliza, "Akija atakula nini?" Akasema, "Kisamvu, ila nazi usizidishe." Tukaongea kisamvu mpaka usingizi ukamchukua. Na lile furushi la kanga, mpokee. Zungukeni nyumba mara moja, muingie ndani kwa hodi kama wageni.

Ila akibadilika ghafla, ndani ya siku moja mbili, mpeleke hospitali. Kwa wazee, hata maambukizi ya mkojo huvuruga akili, na hayo yanatibika.

La majirani usilichezee. Nchi hii vikongwe wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa kuwa na macho mekundu tu, wekundu wa moshi wa jikoni. Chukua cheti cha hospitali, nenda kwa balozi wa nyumba kumi umtajie ugonjwa kwa jina, kisha mwende wote kwa mwenye mlango ule.

Ndugu zako wape tarehe. "Njooni mnisaidie" haina siku. "Kaka, wiki ya kwanza ya mwezi ni yako" ina siku. Asipoweza, amlipe mtu wa kukesha na mama.

Halafu chama chenu cha kufa na kuzikana, maana sidhani kama mtaa wenu hauna. Mama akifariki watakuja na masufuria na maturubai, watalala kwako siku tatu. Nenda kikaoni uwaombe saa chache za hizo sasa hivi: wanawake wawili, kila Jumanne alasiri, wakae na mama. Mwenyekiti akisema katiba haina kifungu hicho, mwambie katibu ana kalamu. Utashangaa wangapi humo wana mzee wa namna hiyo ndani na wamenyamaza.

Siku zikifika za kumeza kwa shida, ulizia hospitalini tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso; si ya wenye saratani peke yao. Mlishe ameketi wima, uji mzito, kijiko kidogo kidogo. Akigeuza uso, usimlazimishe. Mwishoni mwili wenyewe huacha kutaka chakula, hujamnyima wewe.

Jumanne ya kwanza wakija, utaona aibu, utataka kuwapikia chai. Usipike. Usifue. Nenda chumbani ukalale.

Shangazi