Lita Hasi Zimetoka Wapi?

SWALI: Mhariri, nilipewa fumbo hili: kuna miyeyusho miwili ya asidi, mmoja wa asilimia 20 na mwingine wa asilimia 45, zichanganywe lita ngapi za kila mmoja ili zipatikane lita 10 za asilimia 30? Niliandika x + y = 10, kisha 0.20x + 0.45y = 0.30, nikapata x = 16.8 na y = −6.8. Nimerudia hesabu mara tatu na jibu ni lile lile. Nimekosea wapi?

JIBU: Kujumlisha na kutoa kwako hakuna kasoro, na mlinganyo wa kwanza ni sahihi. Kosa limo katika tarakimu moja tu, nayo ni ile 0.30. Upande wa kushoto wa mlinganyo wa pili unahesabu lita za asidi tupu, kwa maana 0.20x ni asidi iliyomo ndani ya lita x, na 0.45y ni ile iliyomo ndani ya lita y. Upande wa kulia nao ulipaswa kutaja lita za asidi, lakini wewe umeweka sehemu bila kusema ni sehemu ya kiasi gani. Kwa jinsi ulivyouandika, mlinganyo huo unadai kwamba lita 10 zina lita 0.30 za asidi, yaani asilimia 3, ilhali hata ule hafifu kati ya miyeyusho yako una asilimia 20! Mchanganyiko wa namna hiyo hauwezekani, ndiyo maana hesabu ikakutaka utoe lita 6.8 ambazo hukuwa umezitia.

Zidisha 0.30 kwa 10, upate lita 3. Mlinganyo unakuwa 0.20x + 0.45y = 3, na ukizidisha pande zote kwa 100 unapata 20x + 45y = 300. Weka 10 − y mahali pa x: 200 + 25y = 300, hivyo y = 4 na x = 6. Asidi ni lita 1.2 na 1.8, jumla 3.

Mimi hupenda kukisia kabla ya kuandika herufi yoyote. Asilimia 30 imepishana na 20 kwa 10, na imepishana na 45 kwa 15; kwa hiyo ule wa asilimia 20, ulio karibu zaidi, ndio utakaohitajika kwa wingi, kwa uwiano wa 15 kwa 10, ambao ni sawa na 6 kwa 4.

Fumbo likitaja maji matupu, asilimia yake ni 0, na katika mlinganyo wa pili herufi yake hutoweka. Wengi huduwaa hapo wakidhani wamesahau kitu. Tena, mlinganyo wa kwanza huchukulia kwamba ujazo hujumlishika, jambo ambalo katika maabara si kweli daima: mililita 50 za alkoholi na 50 za maji hutoa mchanganyiko usiofika 100. Uzito ndio usiopungua, kwa hiyo fumbo likitumia kilogramu badala ya lita, mlinganyo huo hauna shaka yoyote.