Kinyonga wako kafa, unataka kufuga mwingine: jibu

Pole sana mdogo wangu. Umesema ulimuweka kwenye boksi la kioo, bakuli la maji lilikuwa limejaa ila macho yakazama ndani mpaka akafa. Hapo mimi naona kiu. Kinyonga maji ya bakuli mara nyingi hayatambui kabisa, anakunywa matone kwenye majani, na kwa ukame na upepo wa Dodoma kiangazi hiki anakauka haraka huku maji yapo pembeni yake, inauma sana ila ndo hivyo.

Kwa hiyo safari hii anza na banda kabla ya mnyama. Tengeneza la wavu, refu kwenda juu, weka matawi na mimea hai, asubuhi na jioni puliza maji kwa chupa ya spreyi taratibu mpaka umuone analamba. Angalia na kinyesi chake, ile sehemu nyeupe ikigeuka njano iliyokolea au chungwa ujue maji hayatoshi. Jua la asubuhi apate, lakini sio kupitia kioo maana kioo kinazuia ile miale inayomsaidia kutumia kalsiamu, na kivuli kiwepo. Panzi wa kumlisha wasitoke shamba lililopigwa dawa. Halafu mmoja tu kwa banda, wawili wanasumbuana.

Na tafadhali usiende kumtoa porini kienyeji, ni mnyamapori, pitia kwanza ofisi ya wanyamapori uulize kibali. Lile banda la zamani lina wavu sehemu yoyote au kioo kitupu?