Wanafunzi wako hawaongei Kihispania? Wape mchezo, usiwape karatasi nyingine

Juzi nimepata meseji ya mwalimu mwenzangu wa Kihispania. Anasema wanafunzi wake ukiwapa karatasi ya vitenzi wanajaza yote, hablo, hablas, habla, hawakosei hata moja, ila akisema haya sasa tuongee, darasa zima linainamisha vichwa. Anauliza afanyeje. Nilimjibu kifupi inbox ila nimeona nijibu na hapa, manake najua tuko wengi na wote tunataka kitu kimoja, mwanafunzi afungue mdomo bila kusukumwa.

Mimi nafundisha kwa michezo ya makundi tangu zamani na nimeisikia kila aina ya neno. Kuna mkuu wangu mmoja wa wakati huo aliingia darasani katikati ya mchezo akaniuliza mbele ya wanafunzi, hapa ni darasa au uwanja wa mpira? Iliniuma na mpaka leo ikinijia inaniuma. Yani darasa likiwa kimya wanasema mwalimu yuko vizuri, wakati Kihispania ni lugha ya watu kuongea, sasa kimya kinamsaidia nani?

Piga hesabu mwenyewe. Darasa la watu 30, kipindi cha saa moja, ukiwapa zamu kwa haki kabisa kila mmoja anaongea dakika 2, na hapo wewe mwalimu hujasema kitu. Wagawe wanne wanne, kila mmoja anapata dakika 15. Hakuna kitabu kitakachokupa hizo dakika.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni la coartada, yani ushahidi wa mshukiwa kwamba alikua sehemu nyingine. Unawaambia jana usiku kati ya saa 2 na saa 4 kuna kitu kimeibiwa, washukiwa ni wawili, wanadai walikuwa pamoja mgahawani. Wanatoka nje wanapanga stori yao, alafu wanaingia mmoja mmoja na wenzao wanawahoji. ¿Dónde estabas? (ulikua wapi?) ¿Qué comiste? (ulikula nini?) ¿Qué llevaba tu amigo? (rafiki yako alivaa nini?) Stori zikipishana, wamekamatwa. Hapo ule wakati uliopita wa aina mbili unaowatesa wanafunzi wote, estaba (nilikua, jambo likiwa linaendelea) na estuve (nilikua, na likaisha), wanautumia wenyewe bila kuambiwa, manake wasipoutumia hawamkamati mtu.

Msimu huu nilikua na binti mmoja mkimya sana, kwa muda mrefu alikua ananijibu sí na no basi. Siku hiyo mshukiwa wa kwanza alikua ameshasema pagó ella, yani yule mwenzie ndo alilipa. Wa pili kaingia, kahojiwa, kajibu yote vizuri, watu wanakaribia kumuachia, huyu binti akanyoosha mkono akauliza taratibu, ¿y quién pagó la cuenta? (na bili alilipa nani?) Yule wa pili akajibu haraka pagó él, yani alilipa yule wa kwanza. Darasa lililipuka! Yule binti akasimama, eti mentira, tu amigo dijo que pagaste tú (uongo, rafiki yako kasema ulilipa wewe). Sentensi nzima, vitenzi viwili vya wakati uliopita, hana daftari mkononi. Mwaka huu huyo huyo kafanya DELE B1, mtihani wa cheti cha Kihispania ngazi ya kati, ile ambayo kwenye kuongea unapewa picha uielezee na unaigiza mazungumzo na mtahini, na amefaulu. Najivunia na sifichi.

Na sio mimi tu niliegundua. Merrill Swain, mtafiti wa lugha wa Kanada, aliandika mwaka 1985 kuhusu wanafunzi waliokua wanasomeshwa masomo yao kwa Kifaransa, kuelewa wanaelewa vizuri sana, kuongea kuko nyuma, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba hawakuwa wanasukumwa vya kutosha kuongea. Kwahiyo mwalimu mwenzangu, acha kuwajazisha karatasi tu. Mchezo mzuri ni ule ambao huwezi kushinda ukiwa umenyamaza, kila mmoja awe na kitu ambacho mwenzie hana na njia ya kukipata ni kuuliza. Kama mtu anaweza kushinda kwa kunyoosha kidole, huo mchezo uache.

Alafu jamani msimkatize mtu. Akikosea akasema yo sabo badala ya yo sé (najua), andika pembeni, mchezo ukiisha unaweka ubaoni bila kutaja jina. Ukimkata katikati amefunga mdomo mpaka mwisho wa muhula. Na ubaoni andikeni maneno ya mchezo wenyewe, te toca (zamu yako), me toca a mí (zamu yangu), no vale (hiyo haihesabiki), ¿cómo se dice? (inasemwaje?), ili hata ugomvi wao uwe kwa Kihispania.

Kama darasa lako halijafika wakati uliopita, anza na veo veo, huo unataka majina ya vitu vilivyomo darasani na herufi tu. Mmoja anasema veo, veo (naona, naona), kundi linajibu ¿qué ves? (unaona nini?), anasema una cosita (kitu kidogo), wanauliza ¿y qué cosita es? (na ni kitu gani?), anawapa herufi ya kwanza wanaanza kubahatisha. Makundi ya wanne, sio darasa zima. Ukiujaribu niandikie umeendaje.