Maswali ya Wasomaji: Ndege Ambazo Hazikuwahi Kuruka

SWALI: Nimepata maboksi manne ya modeli za ndege, skeli ya 1/72 (ndege halisi ikipunguzwa mara 72), za miaka ya 1970. Vipande vingine havipo, mabawa mawili yamepinda, na ndege moja ilishaunganishwa na kupakwa rangi nzito kwa brashi. Zinafaa kwa modeli za kubuni, zile za "ingekuwaje kama", au nizitupe?

JIBU: Usitupe hata moja. Seti za zamani ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa kasoro zake hazina uzito tena. Pua iliyozidi milimita mbili ni kosa kwenye modeli ya ndege halisi. Kwenye ndege uliyoibuni mwenyewe hakuna wa kukusuta. Kipande kilichopotea nacho kinakupa sababu ya kubadili muundo.

Anza kwa kuosha kila kitu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Mafuta yaliyotumika kutoa vipande kwenye kalibu hubaki juu ya plastiki, na rangi haishiki penye mafuta. Bawa lililopinda litumbukize kwenye maji ya moto ya kama 70°C kwa nusu dakika, linyooshe kwa vidole, kisha litie kwenye maji baridi ukiwa bado umelishika. Usitumie maji yanayochemka: polistirini, plastiki ya modeli hizi, hulainika kabisa ikikaribia 100°C, na bawa litarudi limejikunja vibaya kuliko mwanzo. Ni afadhali urudie mara tatu kidogo kidogo.

Ile iliyounganishwa iweke kwenye friza usiku kucha, kisha pinda kila kiungo taratibu. Penye gundi haba patapasuka. Pale gundi ilipoyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja hapataachia, na hapo itabidi ukate kwa msumeno mwembamba. Rangi ya enameli hutoka kwa mafuta ya breki, ya akriliki kwa alkoholi ya isopropili. Vaa glavu, fungua madirisha, na jaribu kwanza kwenye kipande usichokihitaji. Vipande vilivyong'arishwa kama kromu husafishwa kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo. Usiichanganye kamwe na alkoholi wala dawa nyingine yoyote, na suuza vizuri kabla ya kuendelea.

SWALI: Natoa mabawa ya ndege moja na kuyaweka kwenye kiwiliwili cha nyingine. Kila mara yanakatika nikianza kupiga msasa, au linabaki bawa moja juu na jingine chini.

JIBU: Yanakatika kwa sababu yamegusana na kiwiliwili kwa ukingo tu. Gundi, hata iwe nzuri vipi, inahitaji eneo la kushika, na msasa ni nguvu ya kupinda inayorudiwa mara mamia. Dawa yake ni ufito unaopita ndani.

Kata mizizi ya mabawa ya zamani (pale bawa linapoungana na kiwiliwili) iwe sawa na ubavu wa kiwiliwili, kisha ziba tundu linalobaki kwa bamba la plastiki la milimita 1, ukilibandika kwa ndani. Chora kwa penseli mstari wa katikati ya bawa kwenye ubavu mmoja. Ukate kwenye karatasi ngumu ili uuhamishie ubavu wa pili bila kukisia. Toboa matundu mawili ya milimita 2 kila upande na upitishe fito mbili za chuma au za shaba kutoka ubavu hadi ubavu, ziingie ndani ya kila bawa angalau sentimita 2. Ziwe mbili kwa sababu bawa lililo kwenye ufito mmoja litazunguka. Hapo ndipo linapotokea lile la kuelekea juu na jingine chini.

Kama mabawa yananyanyuka kuelekea nchani, piga hesabu kabla ya kupaka gundi. Bawa lenye urefu wa milimita 80 na mnyanyuko wa digrii 5 lazima ncha yake iwe juu ya mzizi kwa milimita 7. Tengeneza vigingi viwili vya kadibodi vya kimo hicho. Pinda fito katikati kwa pembe hiyo, tia gundi ya epoksi inayokauka polepole, egemeza ncha juu ya vigingi, kisha pima kwa uzi kutoka ncha ya kila bawa hadi mwisho wa mkia. Vipimo viwili vikilingana, ondoka mezani. Epoksi ya dakika tano tunaiona haifai hapa: inaganda wakati bado unatafuta rula.

Unene wa mizizi hautalingana na kiwiliwili. Hilo ni jambo la kawaida. Jaza penye pengo kubwa kwa vibanzi vya plastiki, si kwa puti peke yake.

SWALI: Puti yangu inaonekana safi, lakini wiki mbili baada ya rangi mshono unarudi kama mfereji.

JIBU: Umejaza kwa mkupuo mmoja. Puti ya tyubu ina kiyeyusho. Kikivukiza, puti inasinyaa. Ikiwa nene, juu hukauka mapema na ndani huendelea kusinyaa kwa siku nyingi, huku kiyeyusho kikilainisha plastiki iliyo chini yake. Paka tabaka zisizozidi nusu milimita, kila moja ikauke usiku mzima. Kwa pengo kubwa tumia puti ya epoksi ya sehemu mbili, ambayo haisinyai kwa kiasi cha kuonekana, au supaglu iliyochanganywa na poda ya talki. Hiyo ya mwisho ipige msasa ndani ya saa moja. Ukiiacha hadi kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki iliyoizunguka, na msasa utachimba plastiki na kuacha kilima katikati. Malizia kwa msasa namba 600, halafu 1000, kisha praima (rangi ya msingi) ya kijivu, ambayo itakuonyesha makosa yote kwa pamoja.

SWALI: Nataka kuigeuza ndege ya kivita ya propela kuwa ya jeti. Nifanye nini ili ionekane ingeweza kuruka kweli?

JIBU: Jambo hili lilifanyika kweli, na mifano halisi ndiyo mwalimu bora. Yak-15 ya Umoja wa Kisovyeti, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 24, 1946, ilikuwa Yak-3 iliyoondolewa injini ya pistoni na kuwekewa jeti puani, moshi ukitokea chini ya tumbo. Kwa ajili ya joto hilo tumbo lilikingwa kwa chuma, na gurudumu la mkia likawa la chuma tupu. Kampuni ya Saab ya Sweden nayo iliigeuza ndege yake ya 21, yenye propela nyuma, ikawa 21R iliyoruka Machi 1947. Mkia wa mlalo ulipandishwa juu ili upishane na moshi wa jeti.

Somo ni kwamba badiliko moja huzaa mengine, na mtazamaji huyaona hata asipojua anachokiona. Ukiweka jeti, onyesha hewa inaingilia wapi na moshi unatokea wapi, na pasiwe na tairi, mkia au bomu kwenye njia ya moshi. Ukiondoa injini nzito puani na kuweka nyingine nyuma, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, kwa hiyo bawa nalo lirudi nyuma au pua irefuke. Kipimo cha haraka: kwenye bawa lisiloinama nyuma, kitovu cha uzito kiwe karibu na robo ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Ndege yenye gurudumu la pua huwa na magurudumu makuu nyuma kidogo ya kitovu hicho. Yenye gurudumu la mkia huwa nayo mbele yake. Wanaosema "ni ya kubuni, chochote kinakwenda" mara nyingi hawajaitazama modeli yao kwa ubavuni.

SWALI: Je, naweza kuitumia seti ya 1/72 kama ndege ya skeli ya 1/48?

JIBU: Ndiyo, na ni ujanja wa bei nafuu kuliko yote. Mabawa yenye upana wa milimita 150 ncha hadi ncha ni ya ndege ya mita 10.8 kwa 1/72. Kwa 1/48 ni ya mita 7.2, yaani ndege ndogo ya mazoezi au ya mbio. Kinachokusaliti ni mtu. Rubani wa mita 1.75 ana milimita 24 kwenye 1/72 na milimita 36 kwenye 1/48. Kwa hiyo kiti, rubani, kifuniko cha kioo na magurudumu vitoke kwenye seti ya 1/48, na kiwiliwili kisipungue milimita 13 au 14 mahali pa mabega. Chini ya hapo, ziba chumba cha rubani na uifanye ndege isiyo na rubani.

Kwenda upande wa pili, 1/72 kuwa 1/144, ndege ileile inakuwa na mita 21.6. Ziba kioo kikubwa cha zamani na uchonge madirisha madogo. Mistari ya mabamba iliyovimba pia iondoe, maana kwenye 1/144 ingekuwa minene kama mabomba.

SWALI: Modeli yangu inakaa mkia chini. Nyingine niliyoijaza vipande vya madini ya risasi puani imepasuka yenyewe baada ya miaka kadhaa.

JIBU: Hiyo iliyopasuka, bila shaka risasi ilishikizwa kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo hutoa asidi kidogo, asidi inaila risasi, na unga mweupe unaotokea una ujazo mkubwa kuliko madini yenyewe, hivyo unasukuma kiwiliwili hadi mshono uachie. Tumia epoksi, au badilisha risasi kwa gololi za chuma.

Uzito upime kabla ya kufunga pua. Shikiza vipande vyote kwa utepe, laza modeli juu ya penseli iliyokaa milimita 3 mbele ya mstari wa magurudumu makuu, kisha ongeza uzito puani hadi ielekee mbele. Uweke mbali mbele uwezavyo: gramu 12 zilizo milimita 40 kutoka kwenye magurudumu hufanya kazi sawa na gramu 8 zilizo milimita 60.

SWALI: Stika za maji (zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa) zimekuwa za njano na moja imevunjika vipande vipande majini. Na je, alama za nchi niweke zozote?

JIBU: Bandika karatasi ya stika dirishani kwa ndani, uso ukiangalia jua, siku kadhaa, njano hupungua. Kisha ipulizie vanishi ya kung'aa tabaka mbili nyembamba. Sasa utando umekuwa mmoja kwenye karatasi nzima, kwa hiyo kata kila alama karibu na ukingo wake kabla ya kuitia majini.

Alama ziendane na mwaka uliouchagua. Marekani iliondoa duara jekundu katikati ya nyota Mei 1942 na kuongeza mistari myekundu kwenye pau za pembeni mwaka 1947. TSR-2 ya Uingereza, mradi wa ndege ya kivita uliofutwa Aprili 1965, ukiipeleka hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 itapendeza kwa kijani na kijivu na duara la bluu na nyekundu lisilo na nyeupe. Kwa namba ya mkia, Waingereza kwa miaka mingi waliacha makundi ya namba bila kuyatumia, kwa makusudi, ili adui asijue idadi ya ndege zao. Chagua namba ndani ya pengo kama hilo. Haitagongana na ndege yoyote iliyowahi kuundwa.