Tumbo la chakula na tumbo la mtoto: namna nilivyoacha kukariri baiolojia

"Mwalimu, kama chakula kiko tumboni na mtoto naye yuko tumboni, kwa nini ile asidi haimuunguzi?"

Swali hilo niliulizwa na binti mmoja ninayemfundisha masomo ya jioni, akiwa ndiyo kwanza anaanza baiolojia. Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilipokuwa na umri wake nilikuwa na swali hilohilo na nikakosa ujasiri wa kuliuliza. Kiswahili kinatupa neno moja, tumbo, na tunalitumia kwa mfuko unaopokea chakula, kwa mji wa mimba, na kwa eneo zima lililo chini ya kifua. Ndugu wa tumbo moja hawakukaa kwenye mfuko wa chakula, na sote tunalijua hilo. Katika mazungumzo hatupotei. Kwenye daftari la baiolojia tunapotea vibaya sana.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, yatenge maneno. Katika madaftari yangu tumbo ni ule mfuko wa chakula peke yake, mahali anapokaa mtoto ni mji wa mimba, na eneo lote ni fumbatio. Fanya vivyo hivyo na neno kiini, maana kiini cha yai la kuku, ile sehemu ya manjano, si sawa na kiini cha seli kinachobeba kromosomu. Ukivichanganya hivyo viwili, mada nzima ya uzazi itakusumbua mpaka mwisho.

Mtihani wangu wa kwanza wa uzazi na mmeng'enyo wa chakula nilishindwa. Nilikuwa nimekariri morula, blastula, gastrula, yaani majina ya hatua za mwanzo za kiinitete (kiumbe kinachoanza kuumbika), kama mtu anayekariri wimbo wa lugha asiyoijua, na upande wa pili nilikuwa na orodha ya vimeng'enya, vile vitu vinavyovunjavunja chakula, na mahali vinapotoka. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umetaja. Hujaeleza." Maneno hayo mawili yaliniuma, lakini ndiyo yaliyonibadilisha. Sikujua nieleze nini, kwa sababu sikuwahi kuona kitu chochote kikitokea.

Wiki chache baadaye nikaona. Mwalimu alileta mayai ya kuku yaliyokaa saa 72 kwenye inkubeta, katika joto la nyuzi 37.5 hivi. Aliliweka yai moja kwenye kibakuli chenye pamba, akaliacha litulie, akabandika utepe juu ya ganda ili lisivunjike ovyo, halafu akakata dirisha dogo kwa ncha ya mkasi. Tuliinama juu yake kwa zamu. Juu ya kile kiini cha manjano palikuwa na mtandao wa mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi, imetambaa pande zote, na katikati kulikuwa na kitone chekundu. Kitone kilikuwa kinadunda. Kinajikunja, kinaachia, kinajikunja. Yai lilipoanza kupoa, mapigo yakapungua. Mwalimu akadondoshea maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na mapigo yakarudi. Darasani palikuwa kimya kabisa.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliona kitone hichohicho zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwa kupasua mayai ya kuku siku baada ya siku. Hakuwa na hadubini. Hili huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka, kwa sababu wengi hudhani kwamba bila maabara kubwa hakuna cha kuona.

Lakini kilichonishangaza zaidi siku ile hakikuwa moyo. Miaka yote nilidhani ile sehemu ya manjano ndiyo inayogeuka kifaranga. Kumbe kiinitete kilikuwa kimelala juu yake, kidogo mno, na manjano yote ilikuwa akiba yake ya chakula. Ile mishipa niliyoiona ilikuwa imetambaa kwenye kifuko kinachokizunguka kiini, na kifuko hicho kimeungana moja kwa moja na utumbo wa kifaranga. Seli za ukuta wake ndizo zinazoimeng'enya ile akiba na kuipitisha kwenye damu. Kwa maneno mengine, kifaranga anameng'enya chakula kabla hajawa na mdomo. Na karibu na siku ya 21, kabla hajatoka, hukivuta kifuko kilichobaki pamoja na mabaki ya kiini ndani ya fumbatio lake, kikamlisha siku zake za kwanza duniani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sura ya ukuaji wa kiinitete na sura ya mmeng'enyo ni habari moja iliyokatwa katikati na mpangaji wa vitabu. Ushauri wangu mkubwa ni huu: zisome pamoja, ukianza na kiinitete, na ufuate mrija.

Mrija gani? Chukua mpira laini uliopungua upepo, uubonyeze kwa dole gumba mpaka upande mmoja uingie ndani. Ulichotengeneza ni picha ya gastrula ya mnyama kama kiti cha pweza, yule wa baharini mwenye umbo la nyota. Lile bonde ndilo utumbo wa kwanza kabisa, na neno gastrula lenyewe limetokana na neno la Kigiriki linalomaanisha tumbo. Kwa kiti cha pweza, kama ilivyo kwetu sisi wenye uti wa mgongo, upande wa tundu la kwanza huwa njia ya haja kubwa. Mdomo hufunguka baadaye upande wa pili. Kwa kuku na binadamu hakuna mpira wa kubonyeza. Kuna bapa la seli, na seli huzama kupitia mfuo mwembamba ulio katikati ya bapa hilo. Kwa binadamu hutokea katika wiki ya 3 baada ya utungisho, na katika wiki ya 4 bapa hujikunja kuwa mrija. Matokeo ni matabaka matatu, ambayo mwanabaiolojia Christian Pander aliyaeleza kwa kiinitete cha kuku mwaka 1817: ektodemu nje, mesodemu kati, endodemu ndani.

Usiyakariri matabaka haya kama majedwali. Jiulize tu kila kiungo kilikuwa wapi kwenye mrija. Ngozi iko nje, kwa hiyo ni ektodemu. Ubongo nao ni ektodemu, kwa sababu ulianza kama mfereji juu ya mgongo ukazama ndani. Misuli, mifupa, damu na moyo viko kati. Utando wa ndani wa utumbo ni endodemu, pamoja na ini na kongosho, kwa kuwa vyote viwili viliota kama machipukizi kutoka ukutani mwa mrija huo. Ndiyo maana mpaka leo mirija yao inamwaga nyongo na vimeng'enya mahali palepale, kwenye duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Hata mapafu yalichipuka kutoka upande wa mbele wa mrija huohuo, na ndiyo sababu njia ya hewa na njia ya chakula zinapishana kooni, na mtu anapaliwa.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya mwanzo hulipita, nami nalipenda kuliko yote. Kati ya wiki ya 6 na ya 10 ya kiinitete cha binadamu, utumbo hurefuka haraka kuliko fumbatio linavyopanuka, na ini limeshachukua nafasi kubwa. Basi utumbo hutoka nje, ukaingia ndani ya kitovu, ukakua humo. Fumbatio likipanuka, unarudi. Katika safari hiyo unazunguka nyuzi 270 kinyume na mwendo wa saa, ukiutazama kwa mbele. Angalia sasa mchoro wa utumbo wa mtu mzima: utumbo mpana umeuzunguka utumbo mwembamba kama fremu ya picha. Mchoro ule nilikuwa nauchora kwa kukariri, nakosea kila mara. Nilipojua mzunguko ule sikukosea tena.

Kuhusu mmeng'enyo wenyewe nitasema machache, kwa sababu mrija umeshajengwa na kazi imebaki kuufuata. Makosa ninayosahihisha mara nyingi ni haya: nyongo si kimeng'enya, inayavunja mafuta kuwa matone madogo tu ili vimeng'enya viyafikie; kumeng'enya si kufyonza; na kinyesi si takamwili (taka zinazotokana na kazi za seli) kama mkojo, kwa sehemu kubwa ni kitu ambacho hakijawahi kuingia kwenye seli zako. Upande wa uzazi: utungisho hutokea kwenye mrija wa uzazi, siyo kwenye mji wa mimba, na damu ya mama haichanganyiki na ya mtoto. Na ukikuta kitabu kimoja kinasema mimba ni wiki 38 na kingine 40, vyote viko sawa. Cha kwanza kinahesabu tangu utungisho, cha pili tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

Anayetaka mfano wa mtu aliyefuata njia badala ya kukariri majina amtazame Lazzaro Spallanzani, Mwitaliano wa karne ya 18. Alimeza vifuko vya kitani vyenye chakula ili aone tumbo linakifanya nini. Mtu huyohuyo aliwavika vyura madume vikaptula, na mayai ya majike waliokuwa nao hayakutungishwa. Hata hivyo aliendelea kuamini kwamba mbegu za kiume zenyewe hazina kazi katika utungisho. Aliona vizuri, akahitimisha vibaya. Nami huwaambia wanafunzi waandike kwanza walichokiona, hitimisho lipate mstari wake peke yake.

Zoezi ninalompa kila mwanafunzi ni moja tu. Mama mjamzito anatafuna kipande cha mkate. Chagua chembe moja ya wanga, uifuate mpaka kwenye seli ya moyo wa mtoto. Hakuna kuruka kituo, na kila kituo useme nani anafanya nini.

Yule binti wa swali la asidi alilifanya wiki iliyopita. Aliandika kwamba mate yalianza kuuvunja wanga mdomoni, na tumboni kazi hiyo ikasimama kwa sababu kimeng'enya cha mate hakivumilii asidi. Kwenye duodeni alisita, akafuta, kisha akaandika kwamba kongosho linamwaga maji yenye baikaboneti na asidi inaishia hapo. Akauchora wanga ukiwa umekuwa glukosi, ukipenya vijidole vya ukuta wa utumbo mwembamba, ukapita kwenye ini, kwenye moyo, kwenye mapafu, ukarudi kwenye moyo, ukashuka hadi mji wa mimba. Alipofika kwenye kondo la nyuma alichora vijidole tena, akaniuliza kama alikosea kurudia. Nikamwambia hajakosea, kazi ni ileile, eneo kubwa la kupitishia vitu katika nafasi ndogo. Glukosi ikaingia kwenye mshipa wa kitovu, ikafika.

Akaitazama karatasi kwa muda, akasema, "Kwa hiyo mtoto anapokea kilichokwisha kumeng'enywa. Utumbo wake sasa unafanya nini miezi yote hiyo?"

Nikamwambia kwamba mtoto humeza maji ya kwenye chupa ya uzazi, na utumbo wake huyafyonza. Akageuza karatasi, akaanza kuchora mrija mwingine, mdogo zaidi.