Hifadhi ya Bure ya Chuo: Ijaze, Lakini Usihamie

Juzi usiku nimepata ujumbe wa mdogo wangu mmoja, msomaji wa hapa, yuko mwaka wa tatu. "Shikamoo dada. Laptopu yangu imeibiwa hosteli, nilienda kuchota maji tu. Ripoti ya fildi ilikuwa humo. Nimebaki na kurasa nane nilizomtumia rafiki yangu WhatsApp. Nifanyeje?"

Marahaba, nikamjibu, kwenye akaunti yako ya chuo umehifadhi nini? Akaniuliza: akaunti gani?

Hapo ndipo nilipoamua kuandika hii, maana donda langu lenyewe halijapona.

Niliingia chuo mwaka 2017 na flashi ya GB 8, nimeifunga kwenye ufunguo wa chumba. Maisha yangu yote ya darasani yalikaa humo. Siku moja nikaenda kuprinti kazi steshenari ya nje ya geti, mnaijua, ile ambayo kompyuta moja inachomekwa flashi za chuo kizima. Narudi chumbani, flashi imeingia virusi: kila folda imegeuka shotikati, ukibonyeza hakuna kitu. Kazi ilikuwa inakusanywa kesho yake saa nne asubuhi. Nikaiandika upya kwa mkono usiku kucha, na mwandiko wangu mwalimu aliuonea huruma tu.

Aliyeniokoa ni kijana wa maabara ya kompyuta. Akaniambia ile imeili niliyopewa kwenye karatasi wakati wa usajili si ya kupokelea matangazo ya ada peke yake: ndani yake kuna Google Drive, yaani ghala la kuwekea mafaili mtandaoni, na kwa akaunti ya chuo halina kikomo. Watu wa kawaida walikuwa wanapewa GB 15 bure, sisi tunaweka mpaka tuchoke! Nilijiona nimeokota dhahabu.

Basi nikawa mhubiri. Kazi ya kundi la watu wanane? Folda moja, kila mtu anaandika mlemle, hakuna tena "nani ana ile ya mwisho kabisa". Mwenzetu mmoja akafuta sura nzima kwa bahati mbaya, nikafungua historia ya matoleo, pale Drive inapotunza faili lilivyokuwa kabla ya kubadilishwa, nikairudisha mbele ya macho yao. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mama Drive, na sikukataa jina. Kwa bando la mwanafunzi huwezi kupakia mafaili makubwa, kwa hiyo nilikuwa naenda kwenye waifai ya maktaba saa mbili usiku, watu wakiwa wamepungua, naacha yanapanda huku nasoma. Hiyo ni mbinu ya kwanza, ichukueni.

Mwaka wa tatu nikafanya utafiti wangu kwa wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mahojiano 31, yote nimerekodi. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri niwakute kina mama kabla hawajazama kwenye biashara. Sauti, picha, majedwali ya bei, kila kitu nilipandisha Drive ya chuo, kisha nikafuta kwenye simu ili nipate nafasi. Nilijiona mjanja.

Nikahitimu 2020. Akaunti ikaendelea kufanya kazi, nami nikasahau kabisa kwamba si yangu.

Mwaka 2023 naomba nafasi ya shahada ya uzamili, nataka kuendeleza utafiti uleule. Naingiza nenosiri: akaunti haipo. Nikafunga safari mpaka ofisi ya TEHAMA ya chuo. Kijana wa pale alikuwa na adabu sana, na ndicho kilichoniuma zaidi. "Dada, tulituma taarifa mara tatu." Mlituma wapi? Kwenye imeili ileile ya chuo, ambayo mimi nilishaacha kuifungua. Akaunti ya namna hiyo ikishafutwa, msimamizi wa mfumo ana siku 20 za kuirudisha. Mimi nilikuwa nimechelewa kwa miezi.

Nilichobaki nacho ni nakala ngumu ya tasnifu, na sauti moja ya dakika nne: mama mmoja anacheka baada ya mteja kumtajia bei ya kumtukana. Niliwahi kumtumia mama yangu mzazi WhatsApp ili acheke naye. Mama hafuti kitu kwenye simu yake.

Baadaye ndiyo nikaelewa kilichotokea. Mwaka 2021 Google walitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo kwa vyuo inakwisha, na kuanzia 2022 chuo kizima kinagawana TB 100 za bure (TB moja ni kama GB 1,000). Microsoft nao, wenye hifadhi kama hiyo kwa vyuo, wakafuata kwa TB 100 mwaka 2024. Zinasikika nyingi? Chukua chuo cha wanafunzi 20,000, gawanya: GB 5 kila mtu, chini ya zile 15 za Gmail yako ya kawaida. Sasa msimamizi akitafuta nafasi ataanza na nani kama si sisi tuliokwishaondoka? Simlaumu. Sawa, namlaumu kidogo. Barua moja kwenye Gmail yangu binafsi ingemgharimu nini?

Kwa hiyo nyinyi mlioko madarasani, nisikilizeni. Tumieni hifadhi ya chuo, ni haki yenu, ada mmelipa. Ila ni chumba cha hosteli kile, siku ya kukabidhi ufunguo ipo. Msijidanganye kwamba mkishea folda na Gmail zenu mmeshaokoa kitu. Mwenye faili bado ni akaunti ya chuo, ikifa inakufa na faili lake. Pakua. Au tumia ile huduma ya Google ya kuhamisha maudhui kwenda akaunti binafsi, kama chuo chako kimeiruhusu. Fanya hivyo muhula wa mwisho kabla hujaanza kukimbizana na fomu za kumaliza, usisubiri joho. Nakala moja chuoni, moja kwako, moja kwenye diski iliyoko nyumbani kwa mtu anayekupenda. Na pakua, narudia. Na jamani, sirizi za Kikorea ziondoeni humo, mnawabana wenzenu.

Picha zenu za faragha na namba za NIDA pia msiweke. Akaunti ni ya chuo, na chuo kina funguo.

Yule mdogo wangu nilimtuma TEHAMA kesho yake asubuhi. Jioni akaniandikia: wamembadilishia nenosiri, ameingia kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa kwanza, ameikuta tupu kabisa. Ameweka zile kurasa nane. Ya tisa anaiandika kwenye kompyuta ya maktaba, na wanafunga saa nne.