Kazi ya kudizaini injini za roketi: dogo, cheki kwanza ishu ya uraia

Dogo, umesema umemaliza digrii ya aerospesi Marekani, GPA iko vizuri, unaomba kazi za kudizaini injini za roketi na hupigiwi hata simu. Usianze kujiona huna akili. Kule injini za roketi ziko chini ya ITAR, ile sheria ya kudhibiti teknolojia ya silaha, yaani ili kampuni ikuoneshe hata michoro tu lazima uwe raia, au uwe na grini kadi, au umepewa hifadhi ya ukimbizi. Viza ya mwanafunzi haimo, OPT nayo, ile ruhusa ya mwanafunzi kufanya kazi kwa muda baada ya kuhitimu, haikusaidii hapo. Kampuni inaweza kukuombea kibali serikalini, ila kwa mtu aliyetoka chuo juzi nani atahangaika hivyo? CV yako inawezekana kabisa haisomwi, wanaishia kwenye lile swali la uraia.

Mimi ningekuwa wewe ningeangalia Ulaya. Nilisoma masta Ujerumani, na ukihitimu huku unapewa miezi 18 ya kutafuta kazi. Chuo Kikuu cha Stuttgart ada kwa sisi wa nje ya Ulaya ni yuro 1,500 kwa semista, linganisha na unazolipa huko. Halafu injini zenyewe zipo: MTU Munich wako kwenye injini za ndege, Isar Aerospace na Rocket Factory Augsburg wanatengeneza roketi, DLR, shirika la anga la Ujerumani, wana kituo cha majaribio Lampoldshausen. Idara za kijeshi huku nazo zina masharti yao, hizo zipite tu.

Sasa hili ndo nataka ulishike: usiombe kazi zenye neno dizaini peke yake. Mimi niliingia kupitia majaribio, kazi yangu ilikuwa kufunga sensa za joto na presha kwenye injini, kukaa na data mpaka usiku na kuwaeleza wadizaini kwa nini namba zao na zetu hazifanani, na aisee pale ndo nilijua injini, maana ukishika bledi ya tabaini (pangaboi linalozungushwa na gesi ya moto) iliyoungua ukakuta kitundu cha hewa ya kupoza kimeziba huwezi tena kuchora kile kitundu kizembe. Baadaye wadizaini wenyewe ndo waliniomba nihamie kwao. Na karakana za kufumua injini usizidharau, Ethiopian Airlines pale Addis wanafumua injini za ndege wenyewe, karibu kabisa na nyumbani.

Kwenye intavyu watakubana fizikia, sio programu ulizotumia. Mfano, haidrojeni ikiungua yote inahitaji oksijeni mara 8 ya uzito wake, kwa nini injini nyingi zinaendeshwa kwenye kama 6? Ukisema "kupunguza joto" umejibu nusu. Haidrojeni inayobaki ni nyepesi, inashusha uzito wa molekuli za moshi, kwa hiyo moshi unatoka kwa kasi kubwa zaidi hata kama joto limeshuka, na ukuta wa chemba nao unapona. Uweze kulieleza hilo ubaoni bila kusoma popote.

Chukua CEA ya NASA, programu ya kukokotoa uunguaji, ni ya bure, dizaini chemba moja ndogo mwanzo mpaka mwisho: presha, uwiano wa mafuta, koo la nozo (pale bomba la kutolea moshi linapobana), upozaji wa ukuta. Ukimaliza nitumie PM nikupitie, hasa hapo kwenye upozaji, ndo wanapochimba sana.